Shajara ya mradi: kufuli za nyongeza kwenye droo za makabati ya ofisi

Naandika haya kwa ajili ya ofisi ndogo kama yetu: makabati ya zamani, bajeti ya kubana, na fundi wa kuchomelea aliye jirani. Kila hatua ikikamilika naongeza kipande chake. Palipokwenda sawa nimepita haraka. Palipogoma nimekaa, maana ndipo pesa ilipotoka.

3 Februari 2025: Tulichonacho

Ofisi ni ya SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, Tanga mjini, karibu na bahari kiasi kwamba chuma kisichopakwa rangi huanza kutu ndani ya wiki. Makabati ni matatu. Mawili ni ya chuma, ya faili, yenye droo nne kila moja. La tatu ni la mvule, droo sita, tulilolikuta chumbani. Humo ndimo mna mihuri, vitabu vya stakabadhi na simu ya ofisi.

Faili za wanachama zina picha, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), hati za mishahara na majina ya wadhamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Kwenye kikao mjumbe mmoja wa bodi aliuliza droo zetu zinafungwaje. Swali jepesi, jibu la aibu.

Makabati ya chuma yana vitasa vyake vya asili, vile vya kubonyeza kwenye kona ya juu kulia. Ukikibonyeza, kinasukuma fito iliyosimama ndani ya ubavu wa kabati, na fito hiyo ndiyo inayozuia droo zote nne kwa pamoja. Ufunguo wa kabati la kwanza tunao. Wa la pili ulipotea zamani, kila mtu akajua kabati hilo halifungiki. Nilijaribu ule wa kabati la kwanza kwenye la pili, ukazunguka bila ubishi. Namba iliyochongwa usoni mwa vitasa vyote viwili ni ileile. Vitasa vya namna hii hutolewa kwa namba chache zinazojirudia, kwa hiyo yeyote aliyenunua kabati kama letu anaweza kuwa na ufunguo wetu mfukoni. Ukienda kununua, soma namba kabla hujalipa.

Kabati la pili lina ugonjwa mwingine. Fito yake imechomoka kwenye ndoano ya chini, hivyo hata likifungwa, droo ya tatu na ya nne zinavutika.

Bodi imetoa shilingi 200,000. Kabati jipya moja la chuma lingemaliza zote na kudai nyongeza, kwa hiyo tunaongeza kufuli kwenye haya tuliyonayo.

15 Februari: Sumaku za kubandika

Hizi ndizo zinazopendekezwa kila mahali kwa sababu hazihitaji kutoboa. Ndani ya droo unabandika kikomeo cha plastiki kwa gundi ya kubandua karatasi. Nje unaweka sumaku, inavuta kikomeo kupitia ubao, droo inafunguka. Pakiti ya kumi kwa shilingi 30,000.

Kwenye makabati ya chuma hazikufanya kazi hata mara moja. Uso wa droo ukiwa wa chuma, wenyewe ndio unaonyonya nguvu ya sumaku. Inaganda juu ya bati na kikomeo cha ndani hakipati kitu. Muuzaji hakulisema hilo na pakiti haikuliandika.

Kwenye mvule zilifanya kazi vizuri mpaka joto la Februari lilipoikuta gundi. Ubao ule ulipakwa vanishi miaka mingi iliyopita na umeshiba mafuta ya mikono. Vikomeo vikaanza kuteleza taratibu hadi vikaacha kukutana na vipokeo vyake, na droo moja ikajifungia yenyewe, kikomeo kikiwa kimepinda ndani. Nilibandua vyote, nikasugua vanishi kwa msasa na kufunga kwa skrubu ndogo badala ya gundi. Hapo vikatulia.

Kilichoviua ni sumaku ya spika mbovu. Kijana wetu wa ofisi aliileta toka nyumbani, akaipitisha usoni mwa droo, ikafunguka. Sumaku yoyote yenye nguvu ni ufunguo. Bidhaa hii imekusudiwa watoto wadogo, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Mimi nimezinunua kutoka ofisini kwa bei ya kutupa, sasa zinalinda dawa ya choo na ya panya jikoni kwangu.

1 Machi: Vitasa vya ulimi kwenye kabati la mvule

Kitasa cha ulimi ni kile kidogo cha mviringo chenye kipande cha bati nyuma. Ukizungusha ufunguo robo mzunguko, ulimi unasimama na kujificha nyuma ya ubao wa fremu. Nilinunua sita vya shilingi 4,000, na nikamlazimisha mwenye duka anipe vya ufunguo mmoja. Alikuwa navyo chini ya meza, ila hakuna anayeviuliza.

Kutoboa kulikuwa rahisi: biti bapa ya mbao ya milimita 19, unatoboa toka mbele mpaka ncha itokeze, halafu unamalizia toka nyuma ili ubao usichanike.

Kilichogoma ni unene. Uso wa droo zetu una milimita 24, na shingo ya kitasa nilichonunua ina 16. Nati ya nyuma haikupata pa kushika. Shingo ndefu zipo, lakini madukani Ngamiani siku hiyo hazikuwepo. Nilichimba kwa patasi shimo pana nyuma ya kila uso mpaka ukabaki unene wa milimita 12. Mvule ni mgumu na unavumilia. Kwa ubao laini nisingethubutu kupunguza kiasi hicho.

Halafu likaja jambo ambalo kwenye picha za maelekezo halionekani. Shingo ya kitasa ina bapa mbili ubavuni, na tundu lake linapaswa liwe na bapa hizohizo ili kitasa kisizunguke chote. Biti inatoa tundu la mviringo kamili. Mhasibu wetu alipofungua kwa haraka, kitasa kizima kikazunguka na ufunguo ndani yake.

“Kaka, hiki ni kitasa au ni saa?”

Mwizi mwenye plaizi angefanya hivyo hivyo toka nje. Dawa yake ni kipande cha bati nene, kama milimita 2, kilichotobolewa na kuchongwa kwa tupa kikapata bapa mbili, kisha kufungwa nyuma ya uso kwa skrubu nne. Kitasa kinapita kwenye bati hilo na hakizunguki tena. Kuchonga vipande sita kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote ya kabati hili. Mabati yalikuwa mabaki ya geti, hayakunigharimu.

Ulimi ulionyooka haukufika nyuma ya fremu; uliopinda ulifika. Vitasa vingi huja na vyote viwili kwenye pakiti, kwa hiyo usitupe kile cha pili.

Bado kulikuwa na njia ya panya. Kati ya droo na droo hakuna ubao, kuna reli tu. Kwa hiyo mtu akichomoa droo ya juu aliyoachiwa wazi, anaingiza mkono na kuokota kilichomo kwenye droo ya chini iliyofungwa. Tulikuwa tumepanga kuacha droo mbili za juu bila kitasa kwa ajili ya karatasi na kalamu. Mpango huo ukafa. Zote sita zimefungwa vitasa, na chini ya droo ya mihuri na ya stakabadhi nimeweka plaiwudi ya milimita 4 juu ya reli. Ukiwa na kabati la mbao, chomoa droo moja uangalie kabla hujanunua chochote.

16 Machi: Flatibaa mbele ya droo za chuma

Kwa makabati ya chuma tulichagua njia ya kale: chuma kimoja kinachosimama mbele ya droo zote nne, mguu wake ukiingia kwenye kikombe chini, kichwa chake kikifungwa kwa kufuli juu. Kufuli moja, droo nne. Kinakaa pembeni kulia ili kipishane na vishikio na vibao vya majina.

Fundi alikuwa na flatibaa, yaani chuma bapa, ya milimita 30 kwa 3. Akakata, akachomelea kichwa, tukaifunga kwa muda kujaribu. Nilivuta droo ya pili kwa mkono mmoja, wala si kwa nguvu zote, chuma kikapinda kama upinde na droo ikatoka vya kutosha kupitisha mkono. Kufuli ilikuwa salama kabisa pale juu, inang'aa.

Fundi akapendekeza flatibaa ya milimita 5. Hapa hesabu inasaidia. Ugumu wa bapa dhidi ya kupinda unakwenda kwa unene mara tatu kwa kuzidisha: 3 × 3 × 3 ni 27, na 5 × 5 × 5 ni 125. Kwa hiyo ya milimita 5 ni ngumu mara nne na nusu hivi tu, na kwa kimo cha kabati, karibu sentimita 130 bila kushikwa katikati, bado ingepinda. Engo ndogo, yaani chuma cha pembe chenye umbo la L, ya 25 kwa 25, unene uleule wa milimita 3, ni ngumu zaidi ya mara mia ya flatibaa yetu, kwa sababu mbavu yake moja inasimama ikielekea nje. Uzito wake ni kilo moja na kidogo hivi kwa kila mita, mtu yeyote anaiinua. Tumehamia engo.

30 Machi: Kushikiza engo kwenye bati

Hii ndiyo siku iliyokula akili. Engo ni ngumu, kufuli ni ngumu, lakini vyote vinashikiliwa na bati la kabati, na bati hilo nililipima likatoka milimita 0.7.

Kwanza tulijaribu ribiti za alumini za milimita 4. Kazi nzuri, safi, haraka. Nikapachika nondo fupi chini ya kikombe na kubinua. Ribiti hazikukatika: vichwa vyake vilipita kwenye bati na kuacha matundu yaliyochanika. Na hata zisipopita, alumini hutobolewa kwa drili kwa dakika chache.

Fundi akasema, “Mzee, hapa tuchomelee tu, habandui mtu.” Tukatoa droo zote na karatasi zote nje ya chumba, jambo ambalo usilirahisishe, maana rangi ya kabati hushika moto kwa ndani usikokuona. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 kilipogusa bati tu, likayeyuka na kubaki tundu la ukubwa wa sarafu. Akapunguza moto, kijiti kikawa kinaganda badala ya kuwaka. Bati jembamba kiasi hicho linataka mashine nyingine na mkono mwingine, na hata likishika, weldi yenyewe ingekuwa imara huku bati linaloizunguka likibaki lilelile la 0.7.

Kilichofanya kazi ni bamba la nyuma. Kwa kila sehemu ya kushikiza nilikata bamba la milimita 3, upana wa kiganja, likakaa ndani ya kabati. Bolti za milimita 6 zenye kichwa cha duara laini, zisizo na pa kuingiza spana wala bisibisi, zinatoka nje, zinapita kikombe, bati na bamba, na nati zake zenye nailoni ziko ndani. Ukibinua sasa, nguvu inatawanyika kwenye bamba lote. Ili kuzifikia nati lazima droo iwe imetolewa, na droo haitoki engo ikiwa imefungwa. Bamba la chini likaziba pia tundu la weldi.

Kuhusu kutoboa bati: biti ya kawaida ikifika upande wa pili hulinasa bati na kulirusha, na tundu hutoka na pembe tatu. Weka kipande cha mbao nyuma, ubane, au nunua biti ya ngazi, ile inayopanuka hatua kwa hatua. Ile ya ngazi ilikuwa shilingi 18,000 na inatoa tundu la mviringo kweli. Naiona ni pesa iliyotumika vizuri kuliko zote za mradi huu.

Redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mkono mmoja; rangi ya juu mikono miwili. Kingo za engo zilisuguliwa kwa tupa mpaka hazikwaruzi, kwa sababu kila asubuhi mtu ataishika.

27 Aprili: Masika

Mvua zilipokolea, mvule ukavimba. Droo mbili za chini zikawa zinabana, na ulimi wa vitasa vyake ukawa unagonga fremu badala ya kupita nyuma yake. Watu walianza kulazimisha, na ufunguo mmoja ukapinda. Nilikwangua ukingo wa juu wa droo hizo kidogo, nikachimba nafasi ya ulimi nyuma ya fremu ikawa na ziada ya milimita 2. Ningejua ningeiacha nafasi hiyo tangu Machi. Mwenye kabati la mbao pwani afunge vitasa wakati wa mvua, au aache pumzi.

Kufuli za engo zilikuwa za shilingi 6,000 kila moja, za chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Zimepata kutu kwenye upinde na moja inakataa kufunga mpaka uigonge. Tumenunua mbili za shaba nzito zenye upinde wa chuma kisichoshika kutu, 22,000 kila moja. Usitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani kwenye tundu la ufunguo: vumbi linaganda humo na kuwa tope. Unga wa penseli uliosagwa, ukapulizwa ndani, unatosha.

11 Mei: Kabati lililoinama

Kwenye kabati la pili niliondoa ile fito mbovu ya ndani kabisa, kwa kuwa haikuwa na kazi tena na ilizuia bamba la nyuma kukaa. Sikuzingatia kwamba kwenye makabati ya aina hii fito hiyohiyo ndiyo inayoruhusu droo moja tu kutoka kwa wakati mmoja. Karani alifungua ya kwanza na ya pili pamoja akitafuta faili, zote zimejaa, kabati likanyanyuka miguu ya nyuma. Alilizuia kwa goti na bega. Hakuumia.

Makabati yote mawili sasa yamefungwa ukutani kwa bolti na fisha (plagi za ukutani), mbili kila moja, zikipita mgongo wa kabati usawa wa droo ya juu. Ukuta wetu ni wa matofali ya saruji, ukashika vizuri. Faida ya pili ni kwamba hakuna awezaye kulibeba kabati zima. Kama unaondoa au kurekebisha mfumo wa ndani wa kabati la faili, lifunge ukutani kabla hujarudisha karatasi. Na zile nzito ziweke droo za chini.

15 Juni: Gharama na funguo

Jumla imefika shilingi 251,000, yaani 51,000 juu ya bajeti, nami nimeandika maelezo kwa bodi.

Kabati la mvule: vitasa 24,000, biti bapa 6,000, plaiwudi 9,000, skrubu 3,000. Makabati ya chuma: engo 26,000, fundi 30,000, bolti na nati 8,000, mabamba 5,000, rangi 12,000, biti ya ngazi 18,000, kufuli za shaba 44,000, bolti za ukutani 6,000. Hizo ni 191,000, na anayefuata njia hii moja kwa moja hahitaji zaidi ya hapo. Zilizobaki 60,000 ni sumaku, flatibaa, ribiti na kufuli za kwanza. Zile nilizolipia sumaku nilipozichukua sikuzihesabu humu.

Funguo zilileta mjadala mrefu kuliko vyuma. Meneja alitaka awe nazo zote. Mwenyekiti, mzee aliyewahi kutunza stoo ya mkonge, akakataa: siku meneja akiugua, mwanachama atarudishwa nyumbani. Tumekubaliana mhasibu ashike za mvule, karani ashike za engo, na za akiba zote zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kusainiwa na watu wawili, ndani ya sefu. Bahasha ikifunguliwa, sababu inaandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo. Namba za vitasa zimeandikwa kwenye daftari hilo pia, kisha nikazisugua zisisomeke usoni mwa vitasa, kwa kuwa mtu akiiona namba anaweza kuagiza ufunguo.

Jaribio la mwisho alilifanya kijana wa ofisi kwa nondo na ruhusa ya maandishi. Kwenye engo alikwaruza rangi akaachia. Kwenye mvule alizunguka nyuma ya kabati, akagonga ubao wa mgongo, akacheka. Ni hadibodi ya milimita 3 iliyopigiliwa misumari midogo, na kwa bisibisi inabanduka. Nimeagiza plaiwudi ya milimita 12 na nitaifunga kwa skrubu toka ndani. Mpaka ifike, mgongo wa kabati umesukumwa ukutani na mihuri inalala kwenye sefu.